Karte grafike za okazio: swali si giga tu, ni piloti yake inatunzwa na nani

Tarehe 14 Oktoba 2025, kampuni ya Microsoft ilisimamisha masahihisho ya kawaida ya Windows 10. Kwa wakaaji wengi wa Goma, Bukavu, Butembo, Bunia ao Uvira, habari hiyo ilipita kimya. Lakini ordinatere nyingi zenye kuuzwa hapa ni za okazio: zilitumika kwanza miaka mingi katika ofisi za Ulaya ao za Marekani, ndipo zikaingia njiani. Sehemu yao haikubaliwi na Windows 11, sababu mfumo huo unadai kifaa cha usalama chenye kuitwa TPM 2.0 na, kwa upande wa Intel, prosesere ya kizazi cha 8 ao zaidi. Mashine ingali nzima, lakini mlango umefungwa.

Njia moja yenye mafundi wanapendekeza ni kuweka Linux, mfumo wa bure wenye kukubali mashine za zamani. Hapo ndipo shida ya pili inatokea. Disemba 2025, kampuni ya Nvidia ilitoa piloti mpya ya Linux, mfululizo wa 590. Ndani yake karte za familia ya GTX 900 na GTX 1000 hazimo tena. Hizo ni pamoja na GTX 1050 Ti na GTX 1060, karte zenye kujulikana sana kwa wapenzi wa michezo na kwa watu wa montage ya video.

Maamuzi hayo mawili yalichukuliwa Marekani, lakini uzito wake unaangukia juu ya meza ya muuzaji wa Birere ao wa Kadutu. Pale mnunuzi anauliza: « Iko na giga ngapi? » Swali ni zuri, lakini halitoshi. Linabaki lingine: kesho nani ataendelea kuitunza hii karte?

Piloti ni kitu gani

Karte grafike ni kile kipande cha ordinatere chenye kuchora kila kitu kinachoonekana kwenye ekra: maandishi, picha, video, michezo. Lakini karte na mfumo wa mashine havisikilizani moja kwa moja. Katikati kuko programu yenye kufanya kazi ya mkalimani. Mafundi wa hapa wanaiita piloti, kufuatana na Kifaransa. Piloti ikikosa, ao ikiwa si yake, karte ya bei kali inaweza kutembea polepole kuliko ya bei ndogo, ao ekra inabaki nyeusi.

Piloti ziko za aina mbili. Ya kwanza imefungwa: kampuni inatoa programu yenye kuwa tayari, lakini maandishi yake ya ndani ni siri. Siku kampuni inasema « basi », hakuna mwingine anaweza kuendelea nayo. Ya pili ni huru: maandishi yake yako wazi, fundi yeyote anaweza kuyasoma, kuyasahihisha na kuyagawia wengine.

Kwenye Linux, piloti huru nyingi ziko ndani ya kiini chenyewe cha mfumo. Sehemu ingine iko katika Mesa, mradi wenye kuanzishwa na Brian Paul mwaka 1993. Mtu akiweka Linux, piloti inakuja pamoja nayo. Haombwi kutafuta kitu kando.

Makampuni matatu, njia tatu

Intel imekuwa ikitoa piloti huru tangu zamani. Grafike yake mara nyingi iko ndani ya prosesere, bila karte ya kando. Katika ordinatere za ofisi zenye kuletwa hapa, ni hiyo mtu anakuta mara nyingi, na Linux inaitambua bila masumbuko.

AMD ilinunua kampuni ATI mwaka 2006, na Septemba 2007 ikatangaza kwamba itafungua maandishi yenye kueleza karte zake ili piloti huru ziandikwe. Tangu 2015, piloti yake, amdgpu, iko ndani ya kiini cha Linux. Karte kama RX 550, RX 570 na RX 580 zinatembea nayo mpaka leo.

Nvidia ilifuata njia ingine. Kwa miaka mingi ilitoa piloti yenye kufungwa, nzuri kwa nguvu, lakini ya siri. Watu wa kujitolea waliandika piloti huru yenye kuitwa Nouveau kwa kuchunguza namna karte zinafanya kazi, na mwaka 2010 ikaingia ndani ya kiini cha Linux. Lakini kuanzia familia ya GTX 900, Nvidia iliweka kufuli: karte inadai programu ndogo ya ndani yenye sahihi ya kampuni. Bila hiyo sahihi, Nouveau haiwezi kupandisha mwendo wa karte. Matokeo yake ni kwamba picha inaonekana, lakini karte inabaki kwenye mwendo wa chini, kama pikipiki yenye kufungwa kwenye vitesi ya kwanza.

Mei 2022 Nvidia ilifungua sehemu moja ya piloti yake, ile yenye kugusa kiini cha Linux. Sehemu ingine ilibaki imefungwa. Tena, ufunguzi huo ni kwa karte za familia ya GTX 16, RTX 20 na zenye kufuata. Kwa hizo, piloti huru kabisa nayo inaendelea vizuri katika Linux za karibuni. GTX 900 na GTX 1000 ndizo zilibaki katikati: kampuni inaziacha, na kufuli lake linazuia wengine kuzisaidia vya kutosha.

Haimaanishi kwamba zitazimika kesho. Zinaweza kuendelea na piloti ya zamani, mfululizo wa 580. Kwa Windows, Nvidia imeahidi masahihisho ya usalama peke yake mpaka Oktoba 2028. Lakini piloti ya zamani inaishi kwa muda tu. Mfululizo wa 390, wenye kutumikia karte za GTX 400 na GTX 500, ulifungwa mwisho wa 2022.

Upande wa AMD kuko mfano wa kinyume. Karte za Radeon HD 7000 zilitoka mwaka 2012. Mwanzo wa 2026, toleo la Linux 6.19 liliziingiza katika piloti ya amdgpu, mahali pa ile ya zamani. Kazi hiyo ilibebwa na fundi mwenye kufanya kazi upande wa Valve, kampuni ya michezo, si na AMD yenyewe. Iliwezekana sababu maandishi yako wazi. Karte ya 2012 inasahihishwa, na ile ya 2016 inaachwa: tofauti haiko ndani ya chuma.

Kwa nini uzito ni mkubwa zaidi mashariki mwa Congo

Kwanza ni feza. Tangu mwanzo wa 2025, pale benki zilifunga milango Goma na kisha Bukavu, kupata dola mkononi ni kazi. Kwa mwenye studio ndogo ya video za ndoa, kununua karte mara mbili ni kupoteza faida ya harusi kazaa. Na kifaa cha okazio mara nyingi hakina garanti: kikikataa, muuzaji anasema aliuza kikiwa kizima.

Pili ni mega. Piloti yenye kufungwa ya Nvidia ni mzigo wenye kupita mega 300. Kwa mtu mwenye kununua forfe kila siku, hiyo si kitu kidogo. Tena, kila mara kiini cha Linux kinabadilishwa, hiyo piloti inapashwa kujengwa upya ili iingiane nacho. Ikishindwa, mwenye mashine anabaki na ekra nyeusi, na internet ya kutafuta dawa iko ndani ya mashine ileile. Piloti huru inafika pamoja na kiini, na flashi moja inaweza kuhudumia mtaa muzima.

Tatu ni umeme. Hapa piloti huru haitoshi kuamua. RX 580 inakula wati 185, RX 570 wati 150. GTX 1050 Ti inakula 75 tu, na RX 550 inakula 50. Ordinatere ndogo za ofisi hazina mara nyingi waya ya kulisha karte kubwa, na yule mwenye kutumia pano ya jua anajua bei ya kila wati. Mtu akinunua RX 580 sababu tu piloti yake ni huru, anaweza kukuta mashine inazimika kila akianza kazi nzito.

Mipaka ya piloti huru

Haifai kusema kwamba AMD ni safi na Nvidia ni chafu. Hata karte za AMD zinahitaji programu ndogo za ndani zenye maandishi ya siri. Linux inaruhusiwa kuzigawa, ndiyo sababu mtumiaji haoni shida. Debian, mfumo wenye kujulikana kwa ugumu wake juu ya uhuru, nayo iliziweka ndani ya flashi yake ya kuingizia tangu toleo la 12, mwaka 2023.

Tena kuko kazi zenye kushikamana na Nvidia. Programu nyingi za akili bandia, na zingine za montage, ziliandikwa kwa CUDA, luga ya Nvidia peke yake. Mwenye kuishi na kazi hiyo ana haki ya kuchagua Nvidia, lakini ni vema aanzie kwa GTX 16 ao RTX 20, asirudi nyuma. Na kwa mwenye Blender, si kila karte ya zamani ya AMD itamsaidia kupika picha.

Mtego mwingine: RX 6400 ni ya 2022, haikule umeme mwingi, na piloti yake ni huru. Lakini haina sehemu ya kurekodi video. Kwa michezo ni sawa. Kwa montage, prosesere ndiyo itabeba kazi yote.

Mbele ya muuzaji

Soko la okazio liko na historia yake. Septemba 2022, sarafu ya Ethereum iliacha kuchimbwa kwa karte grafike, na karte nyingi zilizokuwa zinafanya kazi usiku na mchana zikatupwa sokoni, RX 570 na RX 580 zikiwemo. Kuko pia karte za uongo: karte ya zamani ya Nvidia yenye kubadilishwa jina ndani ili ijionyeshe kuwa GTX 1050 Ti. Karatasi ya boksi na maneno ya muuzaji haviwezi kuonyesha hayo.

Kipimo chenyewe hakiombi feza. Mnunuzi anabeba flashi yenye Linux Mint ao Ubuntu. Mashine inawashwa kutoka kwa hiyo flashi, bila kugusa diski ya muuzaji. Kisha, katika terminali, anaandika *lspci -k*. Jibu linaonyesha jina la karte na piloti yenye kuiendesha: *amdgpu* ao *radeon* kwa AMD, *i915* ao *xe* kwa Intel, *nouveau* kwa Nvidia. Jina la karte likikosa kufanana na lile la boksi, mazungumuzo ya bei yanaanza upya, ao yanaisha.

Kisha anatazama habari za mfumo juu ya grafike. Akikuta neno *llvmpipe*, maana yake karte haifanyi kazi: prosesere ndiyo inachora. Kufungua video na kuiacha dakika kumi na tano kunaonyesha yenye kubaki: joto, makelele ya feni, alama mbaya kwenye ekra.

Nani anahitaji nini

Kwa mwanafunzi, sekretariati ya kupiga mashine, ofisi ya parokia ao shirika dogo, grafike ya Intel yenye kuwa ndani ya prosesere inatosha kwa maandishi, internet na video. Hiyo ni habari njema kwa mfuko: karte ya kando haihitajike.

Kwa michezo na montage ya kawaida, karte ya AMD ya kuanzia RX 500, yenye kulingana na umeme wa mashine, ndiyo inabeba hatari ndogo. Kwa mwenye tayari GTX 1000 nyumbani, hakuna sababu ya kuitupa. Abaki na mfululizo wa 580, na achague Linux yenye kutunzwa miaka mingi bila kubadilisha kila kitu. Lakini kununua moja leo, kwa bei ileile na ya AMD, ni kulipia kitu ambacho mwenyewe amekwisha kukiacha.

Kwa shule, radio ao kituo cha afya chenye kununua mashine kumi kwa pamoja, sharti linaweza kuingia katika barua ya kuagiza: kila mashine iwashwe kwa flashi ya Linux mbele ya wote wawili, na karte itambuliwe na piloti ya ndani ya kiini, kabla feza haijatoka. Muuzaji mwenye bidhaa nzuri hatakataa.