Tisa ya Nani?

Mwezi uliopita mpwa wangu alinijia na simu mkononi, akanionyesha picha ya gemu na namba kubwa ya kijani pembeni. "Mjomba, hii wameipa tisa. Naona niichukue." Nikamuuliza, tisa ya nani? Akanitazama kama vile nimemuuliza mvua ya jana ilikuwa ya nani. "Tisa tu, mjomba. Wameipa."

Hao "wameipa" ndio ninaotaka kugombana nao leo. Najua hapa huwa tunazungumza riwaya na mashairi, na wapo watakaosema mwenye blogu ameishiwa vitabu. Sijaishiwa. Ila swali la kijana yule nimekaa nalo wiki nne sasa, na kila nikiligeuza naona linatuhusu sisi watu wa vitabu kuliko tunavyopenda kukubali.

Kwanza mjue anayeuliza ni nani. Kijana huyu anatengeneza simu kwenye kibanda cha mtu, na hela ya gemu ameidunduliza miezi mitatu. Mashine yake ni PS4 ya mtumba, pedi moja kati ya mbili inabonyezeka kwa dua. Gemu kubwa za siku hizi zinazidi gigabaiti 70, kwa hiyo kushusha kwa bando ni kujitia umaskini. Hununua CD, na CD ukishaifungua ukaitaka irudishwe, muuzaji atakucheka mbele ya wateja. Wenzetu wanaonunua Steam, tangu 2015 wanaweza kurudishiwa pesa zao ikiwa wamecheza chini ya saa mbili na hazijapita siku 14. Yaani wana nafasi ya kuonja. Huyu wangu hana. Uhakiki ndio kuonja kwake. Akidanganywa, amedanganywa kwa miezi mitatu ya kuinama juu ya simu za watu.

Sasa twende kwenye hiyo tisa.

Desemba 2020 gemu iliyokuwa ikisubiriwa kuliko zote duniani ilikuwa Cyberpunk 2077, ya CD Projekt, kampuni ya Poland. Siku chache kabla haijatoka, tahakiki zilianza kumiminika na wastani wake ukazunguka 90 kati ya 100. Ukiangalia namba ungesema mwana wa peponi amezaliwa. Lakini wahakiki walikuwa wamepewa nakala za kompyuta tu. Za PS4 na Xbox One hawakuwa wamepewa walipoandika tahakiki hizo. Na katika tahakiki zao za kwanza za video hawakuruhusiwa kuonyesha picha walizorekodi wenyewe. Walitakiwa kutumia zile ambazo kampuni imewapa. Gemu ikatoka tarehe 10. Kwenye kompyuta za nguvu ilichezeka. Kwenye PS4 za zamani, mashine ile ile aliyonayo mpwa wangu, ilikuwa inaganda, inajizima, nyuso za watu zinachelewa kufika kama abiria wa treni. Kampuni ikaomba radhi hadharani, na wiki moja tu baada ya gemu kutoka, Sony wakaiondoa dukani kwao. Haikurudi hadi Juni 2021.

Hapa kuna jambo ambalo wengi wanalipita haraka. Wale wahakiki wa 90, wengi wao hawakusema uongo. Walicheza gemu nzuri kwenye kompyuta nzuri, wakasema ni nzuri. Baadhi yao waliandika kabisa kwamba toleo la PS4 hawajaliona. Ila sentensi hiyo ilikuwa ndani, aya ya kumi huko, na namba ilikuwa nje. Namba haibebi sentensi. Namba ikishatoka kwenye mkono wa aliyeiandika inatembea peke yake, inafika Mbagala bila kueleza imecheza kwenye mashine gani, kwa saa ngapi, na nani alilipia.

Kuhusu nani alilipia, kuna kisa cha zamani kidogo ambacho kila mpenda fasihi angepaswa kukijua, maana kinafanana na mambo yetu. Mwaka 2007 Jeff Gerstmann, mmoja wa wahariri wakuu wa tovuti ya GameSpot, aliihakiki Kane & Lynch: Dead Men ya kampuni ya Eidos, akaipa 6.0. Si alama ya matusi, ni alama ya "si mbaya, si nzuri". Wakati huo huo kurasa za tovuti yake zilikuwa zimepakwa matangazo ya gemu hiyo hiyo juu mpaka chini. Mwishoni mwa Novemba akafukuzwa kazi. Sababu hazikutangazwa, na mkataba ulimfunga mdomo. Wenzake kadhaa wakaacha kazi baada yake, na 2008 wakaanzisha Giant Bomb, tovuti ambayo watu waliifuata kwa sababu moja kubwa: walijua huyu ni mtu aliyepoteza mshahara kwa kukataa kuandika saba. Ilipofika 2012, kampuni iliyokuwa inamiliki GameSpot ikanunua na Giant Bomb, mdomo ukafunguliwa, akaeleza jinsi uongozi ulivyokuwa ukishinikizwa na watangazaji.

Ninapenda kisa hiki kwa sababu ya udogo wa alama. Watu wakifikiria hongo wanafikiria bahasha inayobadilisha mbili kuwa kumi. Haiendi hivyo. Inabadilisha sita kuwa saba. Inamfanya mtu amalize sentensi yake mapema kidogo. Au haibadilishi neno hata moja, inabadilisha saa: mwaka 2014 tahakiki za Assassin's Creed Unity zilizuiwa kutoka hadi saa kumi na mbili baada ya gemu kuanza kuuzwa Marekani. Waliokesha foleni walikuwa wameshalipa wakati wahakiki bado wamefungwa midomo. Na gemu ilikuwa imejaa hitilafu.

Najua jibu linalokuja, nalisikia kila siku kwenye vibanda vya gemu na hata mpwa wangu alinipa: "Basi achana na wahakiki, mjomba. Wasikilize wachezaji wenyewe." Linasikika la haki. Sauti ya watu, si ndio? Lakini wachezaji gani? The Last of Us Part II ilipotoka Juni 2020, ndani ya saa chache za kwanza ilikuwa imeshapigwa sifuri maelfu kwa maelfu kwenye Metacritic. Ni gemu ya zaidi ya saa ishirini. Hao walikuwa wameimaliza lini? Walikuwa wamesoma mtandaoni nani anakufa na nani anampenda nani, wakakasirika, wakaja na sifuri zao mfukoni. Mwezi uliofuata Metacritic wakaweka utaratibu mpya: alama za wachezaji zingoje saa 36 baada ya gemu kutoka. Hiyo ndiyo sauti ya watu, imebidi iwekewe saa ya kusubiri ipoe.

Na hao watu wa YouTube wanaocheza huku wanacheka, "mmoja wetu", anayeongea kama jirani? Mwaka 2016 Tume ya Biashara ya Marekani ilifikia makubaliano na Warner Bros. kuhusu Middle-earth: Shadow of Mordor. Kampuni ilikuwa imewalipa watengeneza video mamia na hata maelfu ya dola waisifu gemu, kwa masharti kwamba wasionyeshe hitilafu, na taarifa ya kwamba wamelipwa ikafichwa kwenye maelezo chini ya video, mahali ambapo hakuna anayebonyeza. Video hizo zilitazamwa zaidi ya mara milioni 5. Jirani gani huyo anayelipwa kwa sharti la kutoitaja shimo la barabarani?

Lakini nisiwaonee wauzaji peke yao. Sisi wasomaji tunawafundisha wahakiki kuogopa. Mwaka 2017 mhakiki mmoja Mwingereza aliipa Zelda: Breath of the Wild 7 kati ya 10, gemu ambayo karibu wote walikuwa wameipa 10. Wastani wake ukashuka kwa alama moja tu. Tovuti ya mhakiki ikashambuliwa hadi ikazimika. Kwa saba! Saba ambayo shuleni kwetu ingekupeleka kidato kinachofuata ukiimba. Watu wale hawakutaka ushauri, gemu walikuwa wameshanunua. Walitaka kupigiwa makofi kwa kununua. Na kampuni nazo zinazijua hizo namba kama mshahara, maana wakati mwingine ndizo mshahara: waliotengeneza Fallout: New Vegas, studio ya Obsidian, walikosa bonasi kwa sababu wastani ulifika 84 badala ya 85. Alama moja, na watu hawakupewa hela yao. Mhakiki akiandika huku anajua hilo, mkono lazima utetemeke, uwe umelipwa au hujalipwa.

Kwa hiyo nimwambie nini kijana?

Nilimwambia atafute mtu, aache namba. Mtu mwenye jina, aliyeandika miaka kadhaa, ambaye ukisoma tahakiki zake kumi unaweza kumtabiri. Si lazima mkubaliane. Mimi ninaye mhakiki mmoja wa riwaya ambaye akisema kitabu "kimejaa maelezo ya mandhari yasiyokwisha", nakimbilia dukani, maana ninachokipenda ndicho kinachomchosha. Miaka sita hajawahi kuniangusha. Huyo ninamwamini kuliko rafiki zangu wote ambao ladha zetu ni moja na hawawezi kunieleza kwa nini.

Nikamwonyesha pia Tim Rogers, Mmarekani anayetengeneza tahakiki za video ndefu kupita kiasi. Ana moja ya karibu saa sita kuhusu Tokimeki Memorial, gemu ya Kijapani ya 1994 ya kumtafutia mwanafunzi wa sekondari mchumba. Sitaicheza gemu hiyo maisha yangu yote. Lakini mwisho wa saa sita najua alicheza nini, aliumia wapi, alipochoka alichoka kwa nini, na ningeweza kubishana naye sehemu tatu. Anaweka hesabu zote mezani. Mpwa wangu alitazama dakika ishirini akasema "huyu jamaa ana muda", kisha nikamkuta usiku bado anatazama.

Na hapo ndipo aliponiuliza. Hakuwa na nia mbaya, alikuwa anakunja waya wa pedi. "Na wewe mjomba, kwenye vitabu, wanakuamini?"

Hapa niseme jambo ambalo wiki nne nimelikwepa. Miaka mitatu iliyopita, kwenye ukurasa huu huu, nilisifu riwaya ya rafiki yangu. Nilikuwa nimesoma kurasa 110 kati ya 240. Alinipa nakala bure, kwenye uzinduzi nilikaa meza ya mbele, nikala pilau, nikapigwa picha. Niliandika kwamba kazi "imesukwa kwa ustadi hadi tamati", na tamati sikuwa nimeifikia. Hakuna aliyenilipa senti. Hakuna aliyenitisha. Nilijua tu tutakutana Jumamosi inayofuata na nilitaka tukutane vizuri. Mwalimu mmoja wa sekondari akaniandikia baadaye kwamba kwa ajili ya maneno yangu amenunua nakala tano za maktaba ya shule. Hajawahi kulalamika. Ningependa angelalamika.

Hebu hesabuni wenyewe tahakiki mbovu mlizosoma za kitabu cha Kiswahili cha mtu aliye hai. Mimi nimehesabu, vidole vya mkono mmoja vimebaki. Kwenye uzinduzi kila mwandishi ni "mahiri" na kila diwani "limejaza pengo". Tunawacheka watu wa gemu kwa tisa zao za kununuliwa, na sisi tunatoa kumi kwa sahani ya pilau. Wao angalau wana Gerstmann. Sisi tumefukuzwa kazi gani, kwa kuandika sita ya nani?

Mnaweza kunijibu kwamba fasihi yetu ni changa sokoni, waandishi hawauzi, tukiwaponda tutawaua. Nimewahi kuisema hoja hiyo mwenyewe, kwa sauti kubwa, nikiwa nimeshiba. Lakini mwalimu yule alikuwa na bajeti ya nakala tano, akanisikiliza, na vijana walioichukua riwaya ile wakakwama pale nilipokwama mimi, nina hakika hawakusema "mwandishi huyu". Walisema "vitabu vya Kiswahili".

Basi. Wiki iliyopita nilikaa nikaimaliza ile riwaya. Sura nane za kwanza bado ni nzuri, na mazungumzo ya mama na binti bandarini ningeyatetea popote. Kuanzia ukurasa wa 120 hadi 190 inakwenda bila nahodha: kesi ya shamba inaanzishwa upya mara tatu, na mume anayerudi anajieleza kwa hotuba. Mwisho umeharakishwa. Nimeyaweka maneno haya juu ya tahakiki ya zamani, pamoja na tarehe, na nimeeleza kwamba nakala nilipewa na mwandishi ni rafiki yangu. Ya zamani sijaifuta, ipo chini yake.

Mpwa wangu hakununua ile tisa. Alimpata kijana mmoja anayeicheza kwenye PS4 ya zamani kama yake, akaona inavyoganda kwenye mvua, akaamua kusubiri ishuke bei. Mimi nilimtumia rafiki yangu ujumbe Jumapili asubuhi kabla hajaisoma kwingine. Tiki zimekuwa za bluu tangu saa nne. Leo Alhamisi.