Wokovu Usiolipa Madeni

Siku hizi ushuhuda wa kuokoka una mtindo wake. Mtu husimama mbele ya watu, hueleza alivyokuwa mlevi, mzinzi na mwizi, kisha humaliza kwa kusema kwamba yote yamefutwa. Vigelegele hupigwa. Hakuna anayemwuliza: hao uliowaibia, wamekwisha kupata chao?

Mimi mwenyewe nililikwepa swali hilo, na sababu ninayo. Kabla sijaokoka nilifanya biashara ya machungwa. Nilichukua mzigo Muheza kwa mali kauli, nikaupeleka Mombasa. Msimu mmoja mzee wa kijiji kimoja alinipa machungwa ya shamba lake zima. Niliyauza vizuri. Niliporudi nilimwambia kwamba gari liliharibika njiani na mzigo wote umeoza. Mzee akanipa pole.

Mwaka uliofuata niliokoka katika mkutano wa Injili mjini Tanga. Machozi niliyolia yalikuwa ya kweli, wala mtu asidhani nilikuwa naigiza. Pombe niliacha. Nyumbani nilirudi. Nikaanza kualikwa kutoa ushuhuda, na katika ushuhuda huo niliyataja hata yale machungwa. Habari zikamfikia mzee. Siku moja tulikutana stendi ya Muheza. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba, kisha akasema kwa upole: "Mwanangu, nasikia Mungu amekusamehe. Alhamdulillahi. Basi na mimi ungekuja kuniuliza kama nimekusamehe."

Mzee yule ni Mwislamu. Sisi tulioishi na Waislamu hapa pwani tunajua kwamba wao hutenganisha haki ya Mungu na haki ya mja. Haki ya mja haifutiki kwa toba peke yake, mpaka mwenyewe arudishiwe au asamehe. Niliposimulia jambo hili kwa baadhi ya ndugu katika Bwana, walinijibu kwamba hayo ni mambo ya sheria, na sisi tuko chini ya neema. Nawauliza: je, Zakayo naye alikuwa Mwislamu? Luka sura ya 19 inaeleza kwamba aliahidi kuwapa maskini nusu ya mali yake, na kila aliyemdhulumu kumrudishia mara nne. Ni baada ya ahadi hiyo ndipo Yesu alipotangaza kwamba wokovu umeingia katika nyumba ile.

Wala hili si geni katika nchi zetu. Ule Uamsho uliotokea Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930, ukaenea Uganda, Kenya na Tanganyika, ulijulikana kwa jambo hilo hilo. Watu waliungama hadharani, kisha wakaenda kurudisha walivyoiba. Jirani asiyeamini hakuhitaji kuhubiriwa sana alipoona mali yake imerudi. Na hapa kwetu Magila, ambako misheni ya UMCA ilifika katika miaka ya 1860, kuamini hakukuwa kunyoosha mkono jioni moja. Mtu alifundishwa kwanza, na mwenendo wake ukatazamwa, ndipo akabatizwa.

Kwa hiyo nasema wazi: mhubiri anayemwambia mwizi asitazame nyuma anamdanganya. Nyuma kuna watu. Kuna mjane aliyedhulumiwa shamba, kuna kibarua ambaye hakulipwa, kuna mtoto aliyekataliwa na baba yake. Neema haikuja ili aliyeiba alale na aliyeibiwa akeshe. Mtu anayedai kwamba ya kale ameyaacha, huku bado anakula faida yake, ameacha nini?

Najua wapo watakaosema kwamba ninawakatisha tamaa maskini wasio na cha kulipa. La hasha! Asiye na cha kulipa anao mdomo wa kwenda kuomba radhi, na miguu ya kumfikisha.

Mimi fedha nilikuwa nimekwisha kuzila, hivyo nililipa kidogo kidogo kwa misimu mitatu. Nilipomaliza, mzee alihesabu, akanirudishia noti moja, akasema ni nauli. Hapakuwa na vigelegele. Tulikunywa kahawa barazani kwake, nikapanda basi kurudi Tanga. Tangu hapo, nikiitwa kutoa ushuhuda, naanzia barazani pale.