Bahari ni yetu, watafiti wake ni kina nani?

Mtu akitaka kusomea biolojia hapa Kenya, hatapata mahali pazuri kuliko Pwani. Mikoko, matumbawe, kasa, pweza, msitu wa Arabuko-Sokoke, makaya ya Wamijikenda, na hata malaria iliyotusumbua tangu enzi za mababu, vyote viko karibu na darasa. Chuo Kikuu cha Pwani, kilichopata hati ya kujitegemea mwaka 2013, kiko Kilifi, mji ule ule ambao KEMRI na Wellcome Trust ya Uingereza wamekuwa wakiendesha utafiti tangu 1989. Mombasa nako kuna makao makuu ya KMFRI, taasisi ya taifa ya utafiti wa bahari na uvuvi.

Mbona basi kijana wa Pwani akiitwa chuoni kusomea biolojia huonekana kama aliyekosa kozi?

Tuseme ukweli. Mtoto akiitwa udaktari, pilau hupikwa na majirani wakaalikwa. Akiitwa biolojia ya bahari, mamake humuuliza kwa upole: "Sasa hiyo utafanya kazi wapi, mwanangu?" Swali hili si la ujinga. Mwenye shahada ya biolojia pekee hasajiliwi na TSC kuwa mwalimu mpaka aongeze diploma ya ualimu. Maabara za hospitali nazo zinataka leseni, na shahada ya jumla ya biolojia haimpi. Kijana humaliza miaka minne akiwa na elimu nzuri na bahasha ya barua za kuomba kazi.

Hapo katikati kuna jambo lingine ambalo wazazi wengi hatulioni. Mwaka wa nne mwanafunzi hutakiwa kufanya utafiti wake mwenyewe. Tuchukue mfano wa anayetaka kujua kama maji ya visima vya Kisauni yana vijidudu vinavyotokana na vyoo. Atahitaji chupa safi, sahani za kuoteshea bakteria, chakula cha kuwaoteshea, na nauli ya kurudi kisimani mara kadhaa, maana sampuli moja haithibitishi kitu. Anayetaka kuchunguza vinasaba ndiye mwenye mzigo zaidi, kwa sababu kemikali zake nyingi huagizwa ng'ambo na bei yake hupanda dola inapopanda. Mwanafunzi anayeishi kwa mkopo wa HELB atazitoa wapi pesa hizo? Analiacha swali lake la kweli na kuchukua lile la karatasi ya maswali, lisilohitaji maabara. Kisima cha Kisauni hubaki bila jibu, na watu wanaendelea kunywa maji yake.

Pesa za utafiti zinapokosekana nyumbani, hutoka nje. Sisemi ni jambo baya. Kilifi ilikuwa miongoni mwa vituo vilivyojaribu chanjo ya malaria ya RTS,S, iliyopendekezwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2021, na pia ile ya R21 iliyofuata mwaka 2023. Watoto wetu na wazazi wao walikubali kushiriki, na leo manufaa yanafika mbali na Kilifi. Wakenya wengi wamepata shahada za uzamivu kupitia kituo hicho, na hilo ni la kushukuru.

Lakini anayelipa ndiye anayechagua swali, na siku akiondoka huondoka na mfuko wake. Mapema mwaka 2025 Marekani ilipoanza kuifunga USAID, tuliona jinsi kazi za miaka mingi zinavyoweza kusimama kwa amri ya siku moja. Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya 2013 ilisema serikali itenge asilimia 2 ya pato la taifa kwa utafiti. Zaidi ya miaka 10 baadaye, kiwango hicho hakijafikiwa.

Kutokuwa na wataalamu wako kuna gharama nyingine. Miaka ya 1990 mtafiti kutoka Uingereza alichukua vijidudu kutoka maji ya moto ya Ziwa Bogoria. Kimeng'enya kilichotokana navyo kiliingia katika biashara ya kupausha jinzi, na Kenya ikaja kudai fungu lake miaka ikiwa imeshapita. Pwani yetu ina sponji, mwani na matumbawe ambayo hatujui yana nini ndani. Nani atakayejua thamani ya kinachobebwa, kama hatuna mtu wetu kwenye hadubini?

Mfano mzuri tunao Gazi, Kaunti ya Kwale. Wazee wetu waliijua mikoko kwa majina tangu zamani: mkoko, mchu, mlilana, muia, mkandaa, mkomafi, msikundazi. Watafiti wa KMFRI na wenzao wa ng'ambo wakaongeza vipimo: unene wa shina, idadi ya miti, na kaboni iliyozikwa kwenye tope, ambayo ndiyo nyingi kuliko ya kwenye mti wenyewe. Kutokana na hesabu hiyo, mradi wa Mikoko Pamoja umekuwa ukiuza hewa ya kaboni kutoka hekta 117 tangu 2013, na mapato yameleta maji na vitabu vya skuli. Bila mtu wa kupima, mikoko ya Gazi ingebaki kuni na boriti tu machoni pa soko.

Nini kifanyike? Kwanza, kaunti zetu sita zitenge sehemu ndogo ya basari kwa utafiti wa mwaka wa nne, kwa sharti kwamba swali liwe la kwetu: visima, samaki, mbu, mikoko. Katiba imezipa kaunti kazi ya uvuvi na afya. Zinawahitaji wataalamu hawa, basi ziwaajiri. Pili, kila mtafiti anayekuja na kibali cha NACOSTI awe na mwanafunzi wa hapa kama mwenzake wa kazi, anayeandikwa jina kwenye chapisho. Kijana wetu asiwe wa kubeba ndoo na kuonyesha njia tu. Tatu, matokeo yarudi barazani kwa Kiswahili, kwa wavuvi na akina mama waliohojiwa.

Na sisi Waislamu tuna neno letu. Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliihesabu tiba kuwa fardhi kifaya. Aliwalaumu watu wa zama zake kwa kusongamana kwenye fiqhi huku miji ikikosa tabibu Mwislamu. Elimu ambayo jamii inaihitaji, wote wakiiacha, wote wana dhambi. Leo Pwani inahitaji wajuzi wa bahari na maradhi yake kama miji ile ilivyohitaji matabibu.

Januari 2026 wanafunzi wa kwanza wa mtaala mpya waliingia Gredi ya 10, na serikali inataka wengi wao wafuate mkondo wa sayansi. Hivyo mzazi anayehudhuria mkutano wa skuli muhula huu aulize jambo moja kabla ya sare na mabasi: maabara iko wapi, na ndani yake mna nini?