Diski Kubwa Moja, au Tatu za Wastani?

Wengi mliokwisha kuanza kuskani nyaraka za wazee wetu mmeniuliza: kompyuta ya nyumbani yenye nafasi ya diski kadhaa itiwe diski za ukubwa gani? Rai yangu ni hii: usinunue ile kubwa kuliko zote. Nunua ukubwa ambao mfuko wako waweza kuulipia mara tatu.

Tuanze na hesabu, maana ukarani ndio uliokuwa riziki yangu. Ukurasa mmoja wa A4, ukiskaniwa kwa rangi kwa nukta 600 kwa kila inchi bila kubanwa, huchukua kama megabaiti 100. Kurasa 10,000 basi hujaza terabaiti moja. Kwa nukta 300, huchukua robo yake tu, na kwa barua za kawaida hizo zatosha. Nukta 600 ziwekeeni picha ndogo na hati za Kiarabu ambazo wino wake umefifia. Sauti ya kanda, kwa kiwango cha sidii, ni takriban megabaiti 600 kwa saa. Saa mia moja za masimulizi hazifiki gigabaiti 65. Mlaji hasa ni video: kanda za dijitali za zamani humeza gigabaiti 13 kwa kila saa.

Kwangu mimi, barua, hati za mirathi, shajara, picha na harusi zote hazikufika terabaiti tatu. Hata hivyo nilinunua diski mbili za terabaiti nane, nikazipanga moja iwe kioo cha nyingine. Nilijiona mwerevu.

Kwa mpangilio huo, ukichanganya diski ya nane na ya nne, utapata nne tu, kwani ndogo ndiyo ihukumuyo. Kwa hiyo zilingane. Ila kioo hukinga kifo cha diski moja, basi. Ukifuta faili kwa kukosea, hufutika kotekote papo hapo. Na msiba ukiifika nyumba, huzifika zote mbili.

Tarehe 16 Julai 2024 mvua kubwa iliipiga Toronto hata barabara ya Don Valley Parkway ikafunikwa na maji. Maji hayo yaliingia chumba cha chini cha nyumba yangu, ambako kompyuta ilikuwa imewekwa sakafuni. Diski zote mbili zilikufa pamoja. Fedha ambayo ingenunua ya tatu nilikuwa nimeilipia nafasi tupu.

Kilichotuokoa ni diski ndogo ya terabaiti mbili ambayo binti wa dada yangu alikuwa ameichukua kwenda nayo Maskati mwaka uliotangulia. Barua zote zimo. Haimo sauti ya mama yangu akisimulia alivyoondoka Unguja mwaka 1964. Niliinakili miezi michache kabla ya mvua ile, na kanda yenyewe ilikatika siku hiyohiyo.

Wazee wetu walilijua jambo hili bila kompyuta: shajara ilinakiliwa kwa mkono, kila tawi la ukoo likabaki na yake. Hata jumba imara halina dhamana. Beit al-Ajaib, lililojengwa mwaka 1883, liliporomoka sehemu yake tarehe 25 Desemba 2020.

Wako watakaosema tukodi ghala mtandaoni. Sikatai, iwe nyongeza. Lakini ghala la kukodi hudumu maadamu yuko mlipaji, na siku mlipaji akifariki, warithi aghalabu hawalijui hata neno la siri.

Basi, kwa familia yenye mali kama yangu: diski mbili za terabaiti nne zinazolingana ndani ya kompyuta, iliyoinuliwa juu ya meza, na ya tatu, ya ukubwa uleule, kwa jamaa wa mji mwingine, ibadilishwe kila mgeni anaposafiri. Kila mwaka zifungueni faili, mzisome na kuzisikiliza. Msidanganywe na taa inayowaka.

Na nina ombi. Mama alipenda kuwapelekea dada zake kanda. Yeyote mwenye kanda yake, Mombasa, Dubai au kwingineko, asiitupe. Aniandikie.