Mpanga Rafu wa Cedar Falls

Juma hili natamani tuzungumze habari za Mmarekani mmoja, Kurt Warner, kwa kuwa nyumba nyingi zina kijana aliyerudishwa kutoka alikotarajia kufika, naye sasa huinamisha kichwa wakati wa chakula.

Mchezo wake ni ule ambao Wamarekani huuita mpira wa miguu, ijapokuwa mpira wenyewe hubebwa mikononi. Na tuwaachie jina lao. Warner alikuwa kwotabeki, yaani yule anayepokea mpira kwanza na, huku wapinzani wakimjia mbio, kuamua amrushie nani.

Alizaliwa Iowa mwaka 1971. Chuoni alikaa akiba hadi mwaka wa mwisho. Mwaka 1994 timu ya Green Bay Packers ilimwita mazoezini, kisha ikamwachisha kabla ya ligi kuanza. Akarudi kwao, akapata kazi ya usiku katika duka kubwa la vyakula mjini Cedar Falls, akipanga bidhaa kwenye rafu kwa dola 5.50 kwa saa.

Mwaka 1995 alijiunga na Iowa Barnstormers katika ligi ya viwanja vya ndani, iliyodharauliwa na wakubwa. Uwanja wa huko una nusu tu ya urefu wa kawaida, hivyo mrushaji akisita kidogo amekwisha kuangushwa. Mimi niliyesomea ualimu nasema hicho ndicho kilikuwa chuo chake cha kweli, kuliko kile kilichomkalisha akiba. Mwaka 1998 alichezea Amsterdam, kisha akawa mchezaji wa akiba wa St. Louis Rams, timu iliyoshinda michezo 4 tu kati ya 16 mwaka huo.

Agosti 1999 Trent Green, mrushaji wao mkuu, aliumia goti. Kocha Dick Vermeil, machozi yakimlenga, alitangaza kuwa timu itamtegemea Warner. Rams wakashinda michezo 13 kati ya 16. Katika fainali ya tarehe 30 Januari 2000, mjini Atlanta, walikuwa 16 kwa 16 na Tennessee Titans, zikibaki kama dakika mbili, Warner alipomrushia Isaac Bruce mpira uliozaa mwendo wa yadi 73 na ushindi wa 23 kwa 16. Titans walizuiwa yadi moja tu kutoka mstari wa mwisho! Warner alikuwa na umri wa miaka 28.

Mambo hayakunyooka daima. Aliumia mkono, Rams wakamwacha, na mwaka 2004 huko New York akarudishwa akiba ili kijana Eli Manning apewe nafasi. Wengi walidhani amekwisha. Mwaka 2005 alihamia Arizona, akaifikisha timu hiyo kwenye fainali yake ya kwanza Februari 2009, wakashindwa 27 kwa 23. Alistaafu Januari 2010, na mwaka 2017 akaingizwa katika Jumba la Mashujaa wa mchezo huo, mjini Canton, Ohio.