Ukurasa wa Akina Mama: Kofia ya Mtoto Yenye Bitana

Mandawa, wilaya ya Ruangwa, iko mkoa wa Lindi. Lindi ni mkoa wa joto. Lakini kuanzia Juni hadi Agosti ni kipupwe, na alfajiri huwa na baridi. Mtu mzima hujifunika shuka. Je, mtoto mchanga?

Mtoto mchanga hupoteza joto upesi. Kichwa chake ni kikubwa kuliko cha mtu mzima, ukilinganisha na mwili. Kwa hiyo joto jingi hutoka kichwani. Mtoto aliyezaliwa na uzito chini ya kilo 2.5 yumo hatarini zaidi. Akipoa sana hushindwa kunyonya, na anaweza kufa. Kwa hiyo mtoto akizaliwa hukaushwa, huwekwa kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, na huvikwa kofia. Tuifume mapema.

Vitu vinavyotakiwa

Uzi wa sweta wa rangi mbili, sindano 2 za kufumia, na fulana kuukuu ya pamba. Ukikosa sindano, chonga za mwanzi. Ziwe nene kuliko spoki ya baiskeli, nyembamba kuliko penseli. Zisugue mpaka ziwe laini.

Namna ya kufuma

1. Anza na vitanzi 64. Vitanzi 20 viwe na upana wa sentimita 10.

2. Fuma ukingo wa sentimita 3: vitanzi 2 kwa mbele, 2 kwa nyuma.

3. Sasa fuma mstari mmoja kwa mbele, unaofuata kwa nyuma. Weka nakshi mistari 8: vitanzi 2 vyekundu, 2 vyeupe. Kila baada ya mistari 2, badilisha rangi. Uzi usiotumika upite upande wa ndani. Usiuvute, kofia itabana.

4. Endelea kwa rangi moja mpaka kofia ifike sentimita 13.

5. Fuma vitanzi viwiliviwili pamoja, vibaki 32. Fuma mstari mmoja. Rudia, vibaki 16. Pitisha uzi ndani yake, kaza, shona ubavu.

Bitana

Tazama ndani ya nakshi. Nyuzi zimelegea. Kidole cha mtoto kinaweza kunasa hapo. Fua fulana, ianike juani. Kata kipande cha sentimita 34 kwa 5, urefu ufuate upande unaovutika. Unganisha ncha zake, kisha kishone juu ya nyuzi hizo kwa mishono iliyolegea. Masikio nayo yatapata joto zaidi.

Tahadhari

Usiweke kamba za kufunga shingoni. Jua likiwaka, mvue mtoto kofia. Kofia si dawa. Mtoto akiwa na miguu ya baridi na hanyonyi, au akiwa na homa, mweke kifuani na mpeleke zahanati mara moja.

Maswali

1. Kwa nini mtoto mchanga hupoa upesi?
2. Bitana ina kazi gani?
3. Nani kijijini kwenu atajifungua kipupwe hiki? Nani atamfumia kofia?