Giza la Njia Nyeupe Si Utupu

Shule za Kidahwe na Ujiji zisizo na darubini zisijihesabu kuwa maskini katika elimu ya nyota. Usiku wa kiangazi usio na mbalamwezi, wakati wavuvi wa dagaa wawashapo taa zao katika Ziwa Tanganyika, mwalimu na awatoe wanafunzi nje, waitazame Njia Nyeupe karibu na kundi la Nge. Wataona mabaka meusi. Wakiulizwa, wengi watajibu kwamba hapo hapana kitu.

Jibu hilo tusiliache lipite. Mabaka hayo ni mawingu ya gesi, hasa haidrojeni, yenye vumbi linaloziba nuru ya nyota zilizo nyuma yake. Ndani yake baridi hukaribia digrii 263 za sentigredi chini ya sifuri. Darubini ya Herschel, iliyorushwa na nchi za Ulaya mwaka 2009, ilidhihirisha kwamba mawingu ya namna hii yamejaa nyuzi ndefu, nyingi zikiwa na upana wa karibu theluthi ya mwaka wa nuru. Uzi ukilimbikiza gesi ya kutosha, mvutano wake wenyewe huugawa madonge. Donge husinyaa, hupata joto, na hatimaye nyota huzaliwa.

Basi mwanafunzi afundishwaye nyota zing'aazo tu amenyimwa nusu ya somo. Kila shule itenge japo usiku mmoja kwa muhula. Chombo kitakiwacho ni giza, nalo hupungua kadiri taa za barabarani zinavyoongezeka. Tulitumie lingalipo.